Mwenye Nyumba ni Nani?

Jumatano, chumba cha chini, jengo letu la Burngreave.
Mvua ya Sheffield inagonga dirisha kama mdai,
hita inanguruma bila kupasha,
nami nimesimama na karatasi zangu ishirini
nilizochapa kwa pesa yangu, rangi mbili,
nikidhani nimeandika Kiswahili.

Watu wanne. Mmoja kafuata biskuti.

Nikaanza: mtandao wa kijamii usio na kitovu,
seva zilizoshirikishwa, itifaki huria, nodi…
nikamwona Bi Siwatu akifunga kifungo cha koti,
cha juu, kisha cha pili,
kama mtu aliyesikia basi lake linakuja.

Hawa ndio tunaowapoteza, pale pale mlangoni.
Hawakuja kwa ubaya. Walikuja na simu yenye ufa,
wakapigwa swali kabla ya salamu:
"Chagua seva."
Nani humpokea mgeni kwa kumtaka
achague kwanza matofali?

"Ngoja," akasema, koti limemfika shingoni.
"Hiyo seva yako. Mwenye nyumba ni nani?"

Miaka thelathini na mmoja alipiga deki
hospitalini, wodi za usiku;
wenye nyumba anawajua kwa mlio wa funguo.
Na mwaka juzi ule mtandao mkubwa, ule wa kila mtu,
ulimfungia nje bila hata barua:
picha za marehemu Kombo, mia mbili na kitu,
Kombo na kofia ya sufu, Kombo na theluji yake ya kwanza,
Kombo akimcheka mpiga picha,
zote zimo ndani, taa zinawaka,
na hakuna mlango wa kubisha.

Nikaziweka karatasi chini.
Mwenye nyumba ni Kieran, nikasema. Wa ghorofa ya nne.
Mashine yake iko kabatini, kando ya boila.
"Kieran huyu? Wa baiskeli?
Nilimpa sukari, Kieran."
Ndiye. Na Dundee yuko mwingine, na Cardiff mwingine,
kila mmoja na nyumba yake, na masharti yake ukutani,
lakini kuta zenyewe nyembamba kama hizi zetu:
ukisema hapa, anayetaka kukusikia Dundee atakusikia.

"Na Kieran akichoka? Akihama? Akifa?"

Rangi mbili, na jibu halimo.
Nikamwambia kweli: utahamia kwa mwingine,
wanaokufuata watahama nawe,
ila uliyoyasema zamani hubaki kule ulikoyasemea.
Weka nakala.
Akanyamaza. Hita nayo ikanyamaza.
"Afadhali," akasema. "Yule wa kwanza hakuniambia."

Akaandika kwa kidole kimoja, dakika kumi na moja:
"Hodi. Mchicha wangu umeota kwenye beseni, dirishani,
Sheffield, baridi yote hii. Kuna mwingine?"
Hakujibu mtu. Tukanywa chai.
Wa biskuti akaondoka na za kesho.

Nilikuwa nakunja meza simu ilipolia, kidogo tu:
mtu wa Dundee, jina silijui,
anauliza beseni lina kina gani.

Bi Siwatu hakusikia. Alikuwa keshachukua kalamu yangu
na karatasi moja kati ya zile ishirini.
Penye "seva" akakata, akaandika "nyumba".
Penye "itifaki" akakata, hakuandika kitu.
Penye "Chagua" akasita,
kisha juu yake, kwa herufi za mtu aliyezoea
kuwaachia ujumbe wa zamu ya asubuhi:
KARIBU. ANZIA KWA KIERAN. UKITAKA KUHAMA UTAHAMA.

Imebandikwa kwenye ngazi, kwa kuwa lifti ni mbovu,
chini ya tangazo la paka aliyepotea.
Kieran hajaiona bado.